Je, wajua? Kidonge cha kuzuia chafya kiliwezaje kusimamisha moyo?

Shangazi yangu wa Tanga ana mzio wa vumbi. Upepo ukivuma kidogo tu, ataenda chafya kumi mfululizo. Siku moja alinionyesha kidonge alichonunua duka la dawa, akauliza, "Mwanangu, hiki hakitanikimbiza moyo?" Nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma makala mbili, "Hapana shangazi. Dawa inayodhuru moyo ni ile inayoukimbiza, na hii haikimbizi kitu."

Kidonge chake hakikuwa na tatizo. Sababu niliyompa ndiyo ilikuwa upuuzi.

Nilikuwa na picha ambayo nadhani wengi wetu tunayo: sumu ya moyo ni kitu kinachoufanya uende mbio hadi uchoke, kama punda aliyepigwa sana. Dawa zinazoukimbiza moyo zipo kweli. Lakini zile zilizowashtua wataalamu katika miaka ya 1990, hadi nyingine zikaondolewa sokoni, hazikuukimbiza. Zilifanya kinyume. Zilichelewesha kitu kidogo kinachotokea baina ya pigo na pigo, wakati sisi tunadhani moyo umepumzika tu. Na ukitaka kujua nilivyopotoka, tazama tiba: mgonjwa aliyepatwa na hali hiyo hupewa magnesi kwenye mshipa, na wakati mwingine madaktari huuharakisha moyo wake makusudi, kwa dawa au kwa mashine. Kile nilichokiita ugonjwa kumbe ni sehemu ya matibabu.

Kisa chenyewe ni cha terfenadini. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1985 na ikapendwa mno, kwa sababu ilizuia chafya na macho kuwasha bila kumlaza mtu usingizi. Uingereza iliuzwa hata bila cheti cha daktari. Mwaka 1990 madaktari wa Bethesda, jirani na Washington, walichapisha habari za mwanamke wa miaka 39 aliyekuwa akizimia. Alikuwa akimeza terfenadini pamoja na ketokonazoli, dawa ya fangasi. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mchoro ambao Mfaransa François Dessertenne aliueleza mwaka 1966: mistari mirefu inayojisokota kuzunguka mstari wa katikati, kama ukili unaosukwa. Mgonjwa wa Dessertenne alikuwa bibi wa miaka 80, na moyo wake ulikuwa na tabia ya kwenda polepole kupita kiasi. Polepole. Ningelijua hilo tu, nisingempa shangazi jibu lile.

Sasa tuingie ndani ya moyo, na kwa hili nakuomba ufikirie kinu.

Wanawake wanatwanga mpunga kwa kupokezana, michi miwili katika kinu kimoja. Mchi mmoja unashuka, mwingine unapanda. Sauti tunayoisikia ni ya kushuka, kwa hiyo tunadhani kutwanga ni kushuka. Lakini kazi inayolinda vidole na kinu ni kuinua: lazima mchi wako uwe umetoka kabla wa mwenzako haujafika. Sasa mpe mmoja wao kitu kinachomfanya achelewe kuinua. Nguvu zake ni zilezile na pigo lake ni zito vilevile. Ukimsikiliza kwa mbali huoni kosa. Ila siku moja michi itagongana.

Seli za moyo zinafanya hivyo karibu mara laki moja kwa siku. Kila seli hupiga pale chaji ya umeme inapoingia, kisha sharti ijirudishe mahali pake kwa kutoa potasiamu nje kupitia vilango vidogo sana vilivyo kwenye ukuta wake. Kutoa potasiamu ndiko kuinua mchi. Kilango kikizibwa, seli inabaki na chaji kuliko inavyotakiwa, na katika kuchelewa huko inaweza kushtuka na kupiga nje ya zamu. Kama seli zote zingechelewa sawasawa, pengine pasingekuwa na neno. Kinu kingetwangwa taratibu zaidi, basi. Shida ni kwamba nyingine huchelewa sana na nyingine kidogo, na lile pigo la nje ya zamu likipita kati yao, linapata njia ya kuzunguka. Hapo moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu. Mtu anazimia. Mara nyingi tetemeko hukoma lenyewe na anaamka akishangaa kwa nini yuko sakafuni. Wakati mwingine halikomi.

Aliyeunganisha kidonge cha chafya na kilango hicho ni Raymond Woosley, daktari na mtaalamu wa dawa aliyekuwa Chuo Kikuu cha Georgetown. Sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa swali hilohilo moja: dawa hufanya nini kwa mdundo wa moyo? Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa seli za moyo wa paka. Terfenadini iliziba mkondo wa potasiamu kwa nguvu sawa na kwinidini, dawa ya zamani ya moyo iliyojulikana kwa kuzimisha watu. Lakini kile kinachotokana na terfenadini baada ya kupita kwenye ini hakikuuziba, hata kilipoongezwa maradufu kwa maradufu.

Hapa ndipo fumbo lilipofunguka. Kidonge ulichomeza sicho kilichokuwa kikizuia chafya. Ini lilikuwa linaibadilisha terfenadini karibu yote kabla haijaenda mbali, na zao lake ndilo lililofanya kazi. Mamilioni ya watu walimeza kitu kinachoziba kilango cha moyo na hakikuwafika, kwa sababu ini lilikidaka njiani. Ketokonazoli inakibana kimeng'enya kinachofanya udakaji huo. Antibayotiki ya erithromisini nayo hukibana, na juisi ya balungi pia. Ndiyo, balungi. Dozi haikuzidi, mgonjwa hakukosea kuhesabu vidonge. Mlinzi tu alishikwa mikono.

Terfenadini iliondolewa Marekani mwaka 1998. Zao lake, feksofenadini, lilikwisha kupewa ruhusa mwaka 1996 na linauzwa hadi leo. Kwa maneno mengine, walitupa ganda wakauza kiini.

Na kwa nini kilango hiki kimoja kinanaswa na dawa za kila aina, za chafya, za tumbo, za fangasi, za malaria, za wagonjwa wa akili? Waliozaliwa pwani watanielewa nikisema ni dema. Dema lina mdomo mwembamba na tumbo pana. Samaki anaingia akitafuta chakula, halafu hapati njia ya kutokea. Vilango vingi vya potasiamu ni vyembamba ndani. Hiki kina tumbo pana, na kuta zake zina sehemu ambazo molekuli nyingi za dawa hupenda kuzing'ang'ania. Dawa inaingia kilango kikiwa wazi, na baadhi yake hufungiwa humo kikijifunga.

Jina la kilango hicho ni hERG, na asili ya jina hilo ni ya ajabu kuliko kilango chenyewe. Katika miaka ya 1960 watafiti wa California waliwavutisha etha inzi wadogo wa matunda. Inzi wa kawaida hulala. Wale wenye kasoro fulani ya urithi walitikisa miguu kwa namna iliyowakumbusha watafiti wachezaji wa kumbi za dansi za Los Angeles za wakati ule. Jeni ikaitwa "ether-à-go-go". Ndugu yake wa kibinadamu, hERG, alipatikana mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba ndiye anayetengeneza kilango cha moyo. Hivyo kampuni za dawa duniani leo hupima kila molekuli mpya dhidi ya kitu kilichopewa jina kwa ajili ya inzi waliocheza dansi.

Utauliza, panya wa maabara hawakuliona hili mapema? Hawangeweza. Moyo wa panya mdogo hupiga mara mia kadhaa kwa dakika, na kwa mwendo huo huinua mchi kwa vilango vingine kabisa. Ungemlisha terfenadini na moyo wake usingejali. Ndiyo maana watafiti hutumia seli za paka, sungura au mbwa, na siku hizi seli za binadamu zilizokuzwa maabara.

Lakini usiondoke hapa ukidhani kila kinachoziba hERG ni sumu. Verapamili, dawa ya presha, inakiziba vizuri tu, lakini inaziba pia mlango wa kalsiamu, na madhara haya karibu hayatokei. Watu wengi ambao kipimo chao kinaonyesha mchi unachelewa hawazimii hata siku moja. Hatari hupanda sababu zikirundikana: potasiamu kupungua baada ya kuharisha, moyo ulio taratibu, dawa mbili kukutana. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, na homoni zinahusika, ingawa maelezo kamili bado yanabishaniwa. Woosley baadaye alianzisha orodha ya wazi ya dawa za namna hii, ikizipanga kwa uzito wa ushahidi. Ina majina zaidi ya 200, na ina makundi tofauti kwa sababu kujua dawa inaziba kilango si sawa na kujua kwamba itamzimisha mtu.

Nilirudi kwa shangazi kurekebisha jibu langu. Alisikiliza habari za kinu kwa subira, za inzi kwa mashaka, kisha akauliza kuhusu kwinini, kwa sababu utotoni alinyweshwa sana na anakumbuka masikio yakivuma kama kuna mashine ya kusaga ndani. Swali zuri. Kwinini na kwinidini zote hutoka gome la mti mmoja. Zina atomi zilezile, ila mpangilio wake umegeuka, karibu kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Mwaka 1912 mfanyabiashara Mholanzi alimweleza daktari Wenckebach kwamba yeye huutuliza moyo wake uliovurugika kwa gramu moja ya kwinini. Kutoka hapo ikatafutwa iliyo kali zaidi, na mwaka 1918 kwinidini ikashinda. Kwinini nayo hushika kilango kilekile cha moyo, kwa nguvu ndogo zaidi. Kwenye masikio hakuna tofauti: zote mbili huyavumisha.