Baba yake Cleopatra alikuwa mpiga zumari bwege tu? Sio kweli

Ptolemy XII mitandaoni ni kichekesho tu, eti mfalme mlevi aliyekuwa anapuliza zumari huku Misri inamponyoka. Zumari alipuliza kweli, mpaka wakambandika jina la Auletes, yani mpiga zumari. Lakini bwege hawezi kukalia kiti kile miaka ishirini na ushee, maana aliyemtangulia, mtoto wa baba yake mdogo, alimuua malkia wake, na watu wa Aleksandria wakamvamia wakammaliza, hiyo ni mwaka 80 KK. Wale watu hawakuwa na mchezo.

Wengine wanasema alitimuliwa mwaka 58 KK kwa ajili ya starehe. Starehe wapi! Roma walikuwa wamejichukulia Kupro iliyokuwa chini ya ndugu yake, ndugu akanywa sumu akafa, na mfalme wetu kimya, hata kukohoa hakukohoa, na hapo wananchi tayari wameshakamuliwa kodi kwa sababu mwaka uliopita alikuwa amewaahidi Caesar na Pompey, vigogo wa Roma, talanta 6,000 (talanta ni kipimo kikubwa cha fedha) ili Roma imtambue. Kisa cha kuhonga? Kulikuwa na wosia unaotajwa tajwa kule Roma kwamba mfalme mmoja wa ukoo wake aliwaachia Warumi Misri nzima. Na hela ya kuwahonga Warumi alikopa kwa matajiri wa Roma hao hao, hebu fikiria.

Halafu hii ya kwamba Roma ndo iliamua kumrudisha. Seneti, yani baraza kuu la Roma, ilikwama, tena vitabu vyao vya utabiri vikakataza asisaidiwe kwa jeshi. Aliyemrudisha 55 KK ni Gabinius, gavana wa Syria, kwa ahadi ya talanta 10,000, bila ruhusa ya wakubwa, na baadaye alishtakiwa akaishia uhamishoni. Mzee kurudi tu akamuua binti yake Berenice aliyekuwa ameshika kiti, hapo mimi simtetei kabisa, kisha mkopeshaji wake Rabirius Postumus akapewa hazina ya nchi aisimamie, yani mdai ndo kashika funguo za sanduku. Naye akakamua watu mpaka ikabidi akimbie.

Alikufa 51 KK deni halijaisha. Caesar alikuwa ameshasamehe sehemu, ila alipotua Aleksandria 48 KK, zilizobaki, drakma (sarafu za Kigiriki) milioni 10, akawadai watoto wa marehemu.