Je, wajua kwa nini jumba moja katika Ngome ya Stirling ni la manjano?

Mji wa Stirling uko katikati ya Uskoti, na anayeuendea huiona ngome yake mapema kuliko mji wenyewe. Mwamba mkubwa umechomoza kutoka kwenye bonde tambarare la mto Forth, na juu yake yamepangana majengo ya mawe ya kijivu, vile hasa ambavyo wengi wetu huzifikiria ngome za nchi ile: baridi, ukungu, mawe matupu. Kisha katikati ya ukijivu huo limesimama jumba moja refu lenye kuta za manjano yaliyokolea, linaloonekana kutoka mbali hata siku ya mawingu.

Jumba hilo ni Ukumbi Mkuu. Ukarabati wake ulipokamilika mwaka 1999, wako wenyeji waliokasirika kweli kweli, wakaona ngome yao ya kale imepakwa rangi ya duka jipya. Ukweli ni kinyume chake. Manjano ni ya tangu enzi za mfalme aliyelijenga. Ukijivu ndio uliokuja baadaye, na walioleta ukijivu huo ni wanajeshi, mvua na ladha ya watu wa karne ya 19.

Kwanza tuelewane: sehemu kubwa ya tunachokiona Stirling leo haikujengwa kwa ajili ya vita. Vita vilikuwapo, tena vikali, kwa sababu kwa karne nyingi jeshi lililotaka kwenda kaskazini lilikuwa halina budi kuvuka Forth karibu na hapo. Mwaka 1297 Waskoti William Wallace na Andrew Moray waliwapiga Waingereza penye daraja la Stirling. Mwaka 1304 mfalme Edward I wa Uingereza alirudi na kuizingira ngome kwa mitambo ya kurusha mawe, mmoja mkubwa kuliko yote ukiitwa Warwolf. Inasimuliwa kwamba walinzi waliomba kujisalimisha, naye akawakatalia mpaka kwanza auone mtambo wake mpya ukivunja ukuta. Miaka kumi baadaye Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, alishinda vita vya Bannockburn, mwendo mfupi kutoka hapo, akaichukua ngome, kisha akaamuru kuta zake zibomolewe ili Waingereza wasipate tena pa kujificha.

Kwa hiyo kuta za Wallace na za Bruce hazipo. Waliojenga upya ni wafalme wa ukoo wa Stewart, na hao, hasa kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 15, walitaka kasri zaidi ya boma. Mlinzi wa lango alikuwapo, mizinga ilikuwapo, lakini pesa nyingi zilikwenda kwenye madirisha, mahali pa moto na dari za kuchongwa.

James IV, aliyetawala kuanzia 1488, ndiye aliyelijenga jumba la manjano. Alikuwa mtu wa kupenda kila kitu kwa wakati mmoja: lugha, meli, mizinga, tiba, mashindano ya farasi. Pale Stirling alimfadhili mtaalamu mmoja wa kigeni, John Damian, aliyedai anaweza kutengeneza dhahabu. Kwa mujibu wa simulizi za wakati ule, Damian alijifunga mabawa ya manyoya akaruka kutoka ukuta wa ngome akisema anaenda Ufaransa, akaanguka chini na kuvunjika mfupa wa paja. Lawama alizitupia manyoya ya kuku yaliyochanganywa humo, kwa kuwa kuku ni ndege wa jalalani, si wa angani. Mfalme aliendelea kumlipa.

Ukumbi Mkuu ulikamilika karibu mwaka 1503, mwaka ambao James alimwoa Margaret Tudor, binti wa mfalme wa Uingereza. Una urefu wa mita 42 hivi na upana wa mita 14, mahali pa moto patano, na upande wa meza ya mfalme kuna madirisha marefu yaliyochomoza nje ili mwanga umwangukie yeye kuliko wageni. Hapakuwa na ukumbi wa karamu mkubwa kuliko huo katika Uskoti yote ya zama zile. Paa lake lilibebwa na boriti za mwaloni zilizopangwa kwa ngazi kutoka kila ukuta kuelekea katikati, bila nguzo hata moja sakafuni.

Sasa, chokaa. Kuta nyingi za Uskoti za wakati huo zilijengwa kwa mawe ya kuokota na kupasua, yasiyochongwa yakalingana, nafasi kati yake zikijazwa chokaa na mchanga. Ukuta wa namna hiyo una maelfu ya vipenyo, na mvua ya Uskoti mara nyingi haidondoki tu bali husukumwa na upepo hadi ndani ya jiwe. Dawa ya mafundi ilikuwa kuuvika ukuta nguo. Walirusha lipu ya chokaa na kokoto kwa nguvu ili ishike, au wakapaka chokaa nyepesi koti juu ya koti.

Siri iko katika namna chokaa inavyofanya kazi. Mawe ya chokaa huchomwa tanuruni kwa moto mkali mpaka hewa ya kaboni iliyomo itoke. Kinachobaki humwagiwa maji, kikachemka chenyewe na kuwa uji mzito. Ukipakwa ukutani, uji huo huanza kuivuta tena ile hewa ya kaboni kutoka angani na kugeuka taratibu kuwa jiwe jembamba. Jiwe hilo huzuia mvua kuingia kwa wingi, ila huacha unyevu uliokwisha kuingia utoke. Saruji haifanyi hivyo: huufungia unyevu ndani, na nchi ya baridi maji yaliyofungiwa yakiganda hutanuka na kulipasua jiwe. Ngome nyingi za Uskoti zilizozibwa kwa saruji katika karne ya 20 zimelipia kosa hilo. Mafundi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kuelezwa mengi hapa. Ingawa kwao hakuna barafu, wanajua kuta za matumbawe zinavyoharibika zikipigwa saruji badala ya chokaa.

Lakini kama shida ni mvua tu, chokaa nyeupe ingetosha. Kuichanganya na udongo wa manjano wenye madini ya chuma ni gharama na kazi ya ziada, na hapo naona tumetoka kwenye ufundi na kuingia kwenye siasa. Jumba limejengwa sehemu ya juu ya mwamba, mbele yake bonde tupu. Balozi wa kigeni, mkuu wa ukoo kutoka milimani, mfanyabiashara anayepanda mto: wote waliliona kwa mbali likiwaka kama dhahabu, na kila mmoja aliingia langoni akiwa ameshaambiwa ni nani mwenye nchi. Rangi yenyewe leo inaitwa Dhahabu ya Mfalme, na jina hilo halikosei.

Ndani ya ukumbi mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 1594 mfalme James VI alimbatiza mwanawe wa kwanza, Henry, na kwa ajili hiyo alijenga kanisa jipya la kifalme kwa haraka, lililopo mpaka leo kando ya Ukumbi Mkuu. Kwenye karamu samaki waliletwa ndani ya meli ya mbao yenye milingoti ya mita 12 hivi na mizinga iliyopigwa kweli. Gari la vyakula vitamu lilikuwa livutwe na simba. Ikahofiwa kwamba simba angeshtuka kwa mienge na kelele, au angewashtua wageni, basi gari likavutwa na mtu mweusi aliyevalishwa minyororo ya dhahabu. Taarifa ya sherehe ile haimtaji kwa jina, jambo linaloeleza vya kutosha alivyotazamwa na waliomwajiri.

Miaka tisa baada ya karamu hiyo, mwaka 1603, James VI alirithi pia kiti cha Uingereza, akahamia London. Alikuwa ameahidi kurudi mara kwa mara. Alirudi mara moja tu, mwaka 1617. Makasri ya Uskoti yakabaki na watunzaji tu, na kasri lisilo na mfalme halina wa kudai koti jipya la chokaa kila baada ya miaka michache.

Stirling likageuzwa kambi. Kwa mwanajeshi wa karne ya 18 ukumbi wa mita 42 ni nafasi inayopotea bure, kwa hiyo waliugawa kwa sakafu na kuta za ndani, wakakata madirisha mapya, na mwishowe zile boriti za mwaloni zikaondolewa. Jirani yake, kasri alilolijenga James V miaka ya 1530 kwa mtindo wa Kifaransa ili kumridhisha mkewe Mary wa Guise, halikupona pia. Dari la chumba cha mfalme lilikuwa na vichwa vya watu vilivyochongwa kwa mwaloni, na mwaka 1777 kimoja kilianguka. Vyote vikashushwa na kutawanyika, vingine mikononi mwa watu binafsi. Vilivyokusanywa tena sasa vinaonyeshwa palepale ngomeni, na nakala zake zimepakwa rangi kali na kurudishwa darini.

Karne ya 19 ilimalizia kazi. Wakati huo watu walipenda magofu na jiwe lililo uchi, wakaamini kwamba ndivyo ukale unavyopaswa kuonekana. Lipu za kale zilibanduliwa kwenye majengo mengi ili mawe yaonekane. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alipojenga Balmoral, jumba la kifalme huko Uskoti lililokamilika 1856, aliacha mawe yake magumu ya itale ya kijivu bila kitu juu, na picha za jumba hilo zikasambaa duniani. Tangu hapo ngome ya Uskoti ikawa ya kijivu vichwani mwa watu, hata ya wale wasiowahi kufika.

Jeshi liliondoka Stirling mwaka 1964. Ikachukua miaka 35 kuutoa uchafu wa kambi ndani ya Ukumbi Mkuu, kujenga upya paa la mwaloni na kurudisha madirisha ya awali. Mabaki ya chokaa ya zamani yaliyopatikana ukutani ndiyo yaliyowaelekeza wakarabati kwenye manjano. Malkia Elizabeth II aliufungua tarehe 30 Novemba 1999.

Kama kuna lawama, yangu ni tofauti na ya wale wenyeji wa 1999: jumba limeachwa peke yake. Likiwa la manjano katikati ya majirani wa kijivu linaonekana geni, ingawa ndilo lililo karibu zaidi na alivyotaka mjenzi wake. Anayetaka kuona paa la asili, lisilo la kuigwa, aende Edinburgh, ambako ukumbi mwingine wa James IV, uliokamilika karibu 1511, bado una boriti zake za awali. Mfalme hakuufaidi sana. Aliuawa vitani Flodden mnamo Septemba 1513.