Ganzi ya mikono haiponi kwa mpira mnene

Waendesha baiskeli za milimani wengi huamini kwamba mikono ikifa ganzi, dawa ni kununua mipira ya usukani iliyo minene na laini zaidi. Si kweli, na wengine huishia kuumia zaidi.

Angalia ganzi inaanzia wapi. Mara nyingi ni kidole cha mwisho na cha pete. Vidole hivyo huhudumiwa na neva inayopita kwenye kiganja, karibu na kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Uzito wa mwili ukiegemea hapo saa nzima, neva hubanwa. Ukizidisha unene wa mpira bila kubadili mkao, bado unaegemea palepale.

Tena, bomba la usukani lina kipenyo cha milimita 22.2 sehemu ya kushikia. Likivikwa mpira wa milimita 34, mwenye kiganja kidogo hulazimika kukaza vidole ili usimponyoke kwenye mawe, na misuli ya mkono huchoka upesi. Shika usukani kama kawaida: ncha za vidole zikiachana mbali na kiganja, mpira huo ni mnene kwako.

Kabla ya kwenda dukani, tazama siti. Ikiwa pua yake imeinama, unateleza mbele na mikono ndiyo inayokubeba. Isawazishe kwanza. Mimi ningeanzia hapo kila mara, kwa sababu ni kazi ya spana moja tu.