TDP ni nini, na kwa nini isikuchagulie feni ya prosesa

Ukitaka kubadilisha feni ya prosesa iliyokuja na kompyuta, dukani utaulizwa: prosesa yako ina TDP ngapi? Ukijibu 65, unaletewa kipoza ambacho boksi lake limeandikwa wati 150, na muuzaji anakuapia kwamba hicho kinatosha na kubaki. Huenda kikatosha. Ila namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja.

TDP ni kiasi cha joto, kwa wati, ambacho mtengenezaji wa prosesa anataka kipoza kiweze kukiondoa. Joto linahesabiwa kwa wati kwa sababu umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto. Fikiria balbu ya zamani ya wati 100, ile isiyoshikika ikiwaka, halafu joto lake lote ulibane kwenye eneo dogo kuliko stempu.

Sasa kasheshe. Intel kwa miaka mingi walipima TDP prosesa ikiwa kwenye kasi yake ya msingi, wakati ukiipa kazi nzito hupanda mbali zaidi. Kuanzia kizazi cha 12, mwaka 2021, wakaanza kutaja namba mbili. Core i7-12700 ni wati 65 kwa msingi, na 180 inapokimbia. Karibu mara tatu! AMD nao wana yao: Ryzen 5 5600 inauzwa kama ya wati 65 lakini inaruhusiwa kuvuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo usitazame TDP peke yake, tafuta ile namba ya juu.

Namba ya kwenye boksi la kipoza ndiyo ya kuitilia shaka zaidi. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, kila mmoja anapima kwa namna yake. Noctua wa Austria waliachana na wati wakaunda alama zao wenyewe za kulinganisha vipoza.

Halafu kuna hali ya hewa. Kipoza hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la prosesa, kinalipitisha kwenye mirija ya shaba hadi kwenye mapezi ya alumini, na feni inalipeperusha kwenye hewa ya chumbani. Basi kipoza kilichopimwa kwenye chumba cha nyuzi 22 kikaiweka prosesa kwenye 70, kwenye chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 kitaiweka karibu na 80. Haitaungua, kwani i7 niliyoitaja hujipunguzia kasi yenyewe ikigusa 100, lakini kasi hiyo ndiyo uliyoilipia.

Kama kazi yako ni kuandika na kutazama video, baki na feni ya kiwandani, ipulize vumbi tu. Ukihariri video au kucheza gemu, mnara, yaani kipoza kirefu kilichosimama, wenye feni moja ya milimita 120 unawatosha wengi. Vipoza vya maji mimi sivipendi kwa kompyuta ya nyumbani: pampu ikifa, kazi imesimama, feni ikifa, unafunga nyingine kesho yake.

Na pima kabla ya kulipa. Niliwahi kurudisha kipoza kizuri kabisa kwa sababu ya milimita tano, mlango wa kesi ulikataa kufunga. Minara mingi ina kimo cha milimita 155 hadi 165. Angalia pia soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye ubao wa kompyuta: matundu ya kufungia kipoza kwenye soketi ya Intel ya LGA1700 yameachana milimita 78, ya LGA1200 iliyotangulia ni 75, hivyo vyuma vya kufungia vya zamani havikai.

Siku ya kufunga, pesti ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoza, ya ukubwa wa punje ya mbaazi, inatosha. Kabla hujakaza skrubu, geuza kipoza utazame chini: mara nyingi kuna nailoni nyembamba imebandikwa kwenye shaba, pengine imeandikwa kabisa kwamba uibandue. Ukiisahau, kompyuta itawaka vizuri tu, kisha ukiipa kazi nzito joto linapaa ghafla, nawe unaanza kumlaumu muuzaji.