Hiyo besi yako si ya McCartney

Wiki hii nimeletewa tena. Kijana kaingia karakana na Höfner, gitaa la besi lenye umbo la fidla, kailaza mezani kama mtoto mchanga, akasema, "Fundi, usibadilishe kitu. Spea zote za kiwandani. Hii ndiyo ya Beatles, bei yake si unaijua?" Naijua. Ndiyo maana nilimwambia akae kwanza.

Kuna imani kwamba besi ya mwanamuziki maarufu ina thamani kwa sababu haijaguswa. Jamani, imeguswa mno! Höfner 500/1 ambayo Paul McCartney wa Beatles, ile bendi ya Uingereza, aliinunua Hamburg, Ujerumani, mwaka 1961, kwa pauni kama 30, ilipakwa rangi upya mwaka 1964. Pikapu zake mbili, yaani vinasa sauti vya nyuzi, zilizobanana karibu na shingo, zikatiwa kwenye fremu moja ya mbao isiyotoka kiwandani. Besi ya namna hiyo ingekuwa yako au yangu, mnunuzi angekata nusu ya bei kwa rangi tu. Hapo sibishi: kwa gitaa la zamani lisilo na jina, rangi ya kwanza ni pesa.

Sasa njoo kwenye ya McCartney. Iliibwa ndani ya gari Notting Hill, London, Oktoba 1972, na habari za kupatikana kwake zikatoka 2024, kumbe ilikuwa imelala darini huko Hastings. Kampuni ya Höfner yenyewe iliithibitisha. Ningeitwa mimi kuikagua, ningeanza na hiyo rangi na hiyo fremu, vitu vilevile ambavyo wewe ungeviita kasoro. Umbo lile kiwanda kimelitoa mara nyingi; fremu ile haiko kwenye nyingine. Halafu ningeweka picha za zamani pembeni na kufuata mistari ya mbao, maana mti hauchorwi mara mbili. Tena mchunge picha: besi mnayoiona kwenye picha nyingi za Beatles ni ya pili, ya 1963, ambayo pikapu zake zimeachana. Kijana wangu alikuwa na picha ya besi ya pili akinithibitishia ya kwanza.

Asiyeniamini amtazame John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who. Mwaka 1967, wakiwa San Francisco, alichukua mabaki ya besi tano aina ya Fender Precision, akashika bisibisi na solda, akapata besi moja. Akaiita Frankenstein, kama lile zimwi la hadithini lililoungwa kwa vipande vya maiti. Hapo "spea za asili" utazitafutia wapi? Alipofariki, Sotheby's waliipiga mnada mwaka 2003 ikaenda kwa pauni 62,400. Kilichonunuliwa ni mikono iliyoishika, na ushahidi kwamba kweli iliishika.

Kuhusu sauti nitapita haraka, maana mtanitukana. Höfner ina mwili wenye uwazi ndani na urefu wa nyuzi wa inchi 30 hivi, Fender 34. Weka nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe laini badala ya waya wa mviringo, umefika karibu na sauti ile. Je, ningefumbwa macho ningeitambua ya 1961 kati ya Höfner kumi? Sidhani. Na ninaowajua wanaojigamba kwamba wangeitambua, hawajawahi kukubali kufumbwa.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Ukarabati wa 1964 leo ni historia. Ningeufanya mimi leo ungekuwa uharibifu. Mpaka uko wapi? Sijui, na nimewahi kuuvuka: mteja aliniletea besi ya marehemu baba yake, nikang'arisha vizuri sana pale ambapo jasho la mkono lilikuwa limekula rangi. Aliitazama, akanilipa, akanyamaza. Siku hizi nauliza kabla ya kushika hata kitambaa.

Kijana mwenyewe alinunua nyuzi mpya. Nikamwandikia risiti yenye tarehe na namba ya besi yake, nikamwambia aitunze. Niliikuta mlangoni, imekunjwa.