Wale hawajengewi na TV jamani

"Wamejengewa bure na TV hao", kauli hii naisikia sana hapa Mbeya kila Grand Designs, kile kipindi cha TV cha watu wanaojenga nyumba zao, ikiwekwa, juzi tu saluni moja pale Mwanjelwa watu wanamsema mama wa kwenye kipindi eti kapewa jumba la vioo halafu bado analia. Hapana jamani. Kile kipindi ni cha Channel 4 ya Uingereza, kimeanza 1999, na mtangazaji Kevin McCloud anakuja kuangalia, kuuliza maswali na kutoa maoni yake, hela ya ujenzi ni ya mwenye nyumba, kakopa au kauza nyumba ya zamani, ikikata katikati anahangaika nayo mwenyewe. Nadhani mnachanganya na kile cha Marekani, Extreme Makeover: Home Edition, pale ndo familia ilikuwa inajengewa kwa siku 7. Mimi nina boma Uyole limekwama kwenye lenta mwaka wa tatu huu, nikimwona mtu wa kwenye kipindi analala kwenye karavani, kile kijumba cha kuvutwa na gari, na watoto huku nyumba haijaisha, baridi kama yetu ya Juni, naumia kabisa. Na "kujenga mwenyewe" sio lazima ashike mwiko, wengi wanaweka mafundi, kama sisi tu.