"Isivyo halali": neno linaloamua kesi za kuavya mimba

Hati ya mashtaka ya kuavya mimba huwa fupi. Hii iliyo mezani kwangu ina mistari sita tu: jina la mshtakiwa, ambaye ni muuguzi; kifungu cha 158 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63; tarehe; mtaa; halafu maelezo kwamba "alimpa mwanamke dawa kwa nia ya kuharibu mimba yake". Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno ambalo aliyeiandika ameliruka. Kwenye kifungu chenyewe limo, na kesi nzima imelilalia: isivyo halali.

Mimi ni wakili wa kesi za jinai hapa Pwani ya Kenya, na kila nikishika faili ya aina hii huulizwa swali moja na jamaa za mshtakiwa: "Wakili, si kutoa mimba ni haramu kisheria, basi utamtetea vipi?" Nawajibu kuwa sheria haijawahi kusema hivyo. Imesema ni kosa kumpa mwanamke dawa, au kumtumilia chombo, isivyo halali. Mwenye kutunga sheria akiandika "isivyo halali", anakiri kwamba ipo njia iliyo halali. Alichokosa kufanya ni kutuambia mpaka uko wapi.

Maneno hayo hayakuzaliwa Nairobi. Yalitoka Uingereza, kwenye sheria ya mwaka 1861 ya makosa dhidi ya mwili wa mtu, yakaingizwa katika kanuni za adhabu za makoloni. Ndiyo maana ukiweka Kanuni ya Adhabu ya Kenya kando ya ile ya Tanzania, Sura ya 16, utadhani unasoma kitabu kimoja. Kenya ni vifungu vya 158, 159 na 160. Tanzania ni 150, 151 na 152. Adhabu ni zilezile: miaka 14 kwa anayemtoa mwenzake mimba, miaka 7 kwa mwanamke anayejitoa mwenyewe, miaka 3 kwa anayetoa dawa au chombo akijua kitatumika kwa kazi hiyo.

Soma taratibu uone ilivyo kali. Kifungu cha 158 kinasema mtu ana hatia "mwanamke awe na mimba au asiwe nayo". Yaani upande wa mashtaka hauhitaji hata kuthibitisha kwamba mimba ilikuwepo. Ni katika kifungu cha 159 tu, anaposhtakiwa mwanamke mwenyewe, ndipo lazima ionekane alikuwa mjamzito. Mawakili wengi vijana hulipita hilo bila kuliona, na limeshawahi kuamua kesi niliyoisimamia.

Mpaka uliokosekana ulikuja kuchorwa na mahakama, tena London. Mwaka 1938 msichana wa miaka 14 alibakwa na wanajeshi, akashika mimba. Daktari Aleck Bourne alimfanyia upasuaji hospitalini bila kujificha, akawaarifu wakuu wa sheria, akasimama kizimbani. Jaji Macnaghten aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kumwokoa mama si kumzuia asife tu; daktari akiamini kwa dhati kuwa mimba itamwacha mwanamke ameharibika mwili au akili, ana haki ya kuona kuwa anaokoa maisha yake. Bourne akaachiwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaifuata njia hiyo, na kwa muda mrefu hapo ndipo sheria yetu iliposimama: kwenye hukumu ambazo askari wa zamu hajawahi kuzisikia.

Kanuni ya Adhabu ina mlango mwingine, kifungu cha 240, na Tanzania wanao kama kifungu cha 230. Kinamkinga anayefanya "upasuaji" kwa nia njema na kwa ustadi unaostahili ili kuokoa maisha ya mama. Upasuaji. Walioandika hawakujua kuwa siku moja mimba itatolewa kwa vidonge. Nimemsikia kiongozi wa mashtaka akisema mbele ya hakimu kwamba muuguzi aliyetoa vidonge hana kinga kwa sababu hakushika kisu. Ni hoja ya kusikitisha, maana inamwadhibu mtu kwa kutumia njia salama zaidi kwa mgonjwa.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha hali kwa upande wetu. Kifungu cha 26, katika ibara ndogo ya pili, kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Halafu ibara ndogo ya nne inasema uavyaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Wanaopinga utoaji mimba hushika ibara ya pili, wanaoutetea hushika ya nne. Katika kura ya maoni ya kuipitisha Katiba hiyo, makanisa mengi yalipiga kampeni ya "La" kwa sababu ya ibara hii na ya mahakama za kadhi. Siwabezi. Mtu anayeamini kwa moyo wake wote kuwa kijusi ni mtu kamili hawezi kunyamaza. Lakini wananchi walizipigia kura ibara zote mbili siku moja, tarehe 4 Agosti 2010, na huwezi kuisoma ya pili kana kwamba ya nne ilifutwa.

Angalia pia anayepewa uamuzi: ni mhudumu wa afya, wala si polisi au hakimu. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kwamba anaweza kuwa daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki aliyepata mafunzo. Tanzania haina ibara kama hiyo katika Katiba yake. Iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007 bila kukataa kipengele kinachoruhusu utoaji mimba baada ya kubakwa au uhai na afya ya mama vikiwa hatarini. Kenya iliridhia mwaka 2010 ikakikataa kipengele hichohicho. Kila jirani amefungua mlango ambao mwenzake ameufunga, na Kanuni ya Adhabu imebaki palepale pande zote mbili.

Kilichofuata kwetu kinaniuma. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuzuia vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama. Ilikuwa kazi nzuri. Desemba 2013 ukaondolewa, na Februari 2014 wahudumu wakaonywa kwa barua wasihudhurie mafunzo ya utoaji mimba salama. Mwaka huohuo msichana aliyebakwa, anayejulikana mahakamani kwa herufi JMM, alitolewa mimba kienyeji. Alifikishwa hospitalini akiwa na hali mbaya, figo zikaharibika, na akafariki 2018 wakati kesi ikiendelea. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuuondoa mwongozo kulivunja Katiba, wakaamuru mama yake alipwe fidia ya shilingi milioni tatu. Makadirio ya utafiti wa mwaka 2012 yalikuwa mimba 464,690 zilizotolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa kwa madhara yake. Nikiwaza idadi hiyo namwona yule msichana mmoja.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya Machi 2022 ilikwenda mbali zaidi, ikasema huduma ya kutoa mimba ni haki ya msingi. Ikakatiwa rufaa, kwa hiyo sitamwambia muuguzi yeyote kuwa hukumu hiyo imemfunika. Ninachodai mimi ni kidogo: Bunge lifungue vifungu 158 hadi 160 na kuandika humo maneno ya Kifungu cha 26(4), ili askari ayasome kabla ya kushika pingu.

Juzi nilikwenda kituoni na hati yangu ya mistari sita. Nilimuuliza mpelelezi jina la mhudumu wa afya aliyempima yule mwanamke siku ile, na maoni yake yalikuwa yapi. Akafungua faili, akapekua mpaka ukurasa wa mwisho, akaifunga.

"Mhudumu ni huyohuyo mshtakiwa," akasema.

"Na maoni yake mmeyaandika wapi?"

Akachukua kalamu, akaniomba nirudi Jumatatu.